OK Haikuzaliwa Vitani: Madai Manane na Majibu Yake

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila unapotua hukuta watu wa kuushangilia. Eti neno OK lilizaliwa vitani. Kikosi kikirudi kambini bila kupoteza mtu, karani aliandika ubaoni sifuri na herufi K, yaani "zero killed", hakuna aliyeuawa. Kamanda akiona hivyo alijua mambo ni shwari. Mmoja kundini hushukuru kwa elimu. Wa pili hupinga: neno ni la Kigiriki. Wa tatu huapa kwamba ni la Waafrika waliopelekwa utumwani. Jua halijazama, neno la herufi mbili limeshapata asili tatu, na kila moja ina mtetezi wake.

Ubishi huo si wa juzi. Wamarekani waliuanza mwaka 1840, neno likiwa halijatimiza hata miaka miwili magazetini, na hawajaumaliza. Kinachoshangaza ni kwamba jibu lipo, limechapishwa kwa miaka zaidi ya sitini, na lina ushahidi ambao maneno mengi ya mitaani hayatakaa yaupate. Ila jibu lenyewe halina damu wala ushujaa: OK ilianza kama mzaha wa mhariri wa gazeti.

Madai yanayosikika zaidi tutayapitia moja moja, na kipimo ni kilekile kwa yote. Kwanza, tarehe: mzazi hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe. Pili, njia: nani alilitoa neno kule na kulifikisha huku? Tatu, ushuhuda: waliotangulia kuliandika walisema wao wenyewe lina maana gani? Dai linaloleta mfanano wa sauti peke yake bado halijaleta kitu.

Kinachojulikana kwa maandishi

Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapisha aya ya utani kwenye ukurasa wake wa pili. Mhariri, Charles Gordon Greene, alikuwa akimchokoza mwenzake wa gazeti la Providence, katika jimbo jirani la Rhode Island. Kisa chenyewe kilikuwa safari ya kikundi cha wacheshi wa Boston waliojiita Chama cha Kupinga Upigaji Kengele. Katikati ya sentensi ndefu yenye mbwembwe, Greene akaandika "o.k.", na papo hapo akafafanua: "all correct", yaani kila kitu ni sahihi.

Herufi hazilingani na maneno. "All" huanza na A, na "correct" huanza na C. Utani uko hapo hapo. Waandishi wa Boston miaka ile walikuwa wamekumbwa na homa ya vifupisho, na utamu wa mchezo ulikuwa kufupisha maneno yaliyokosewa kwa makusudi, kana kwamba mwandishi hakupita shule. "All correct" likageuzwa "oll korrect", likafupishwa o.k. Lilikuwa na ndugu zake: o.w. kwa "oll wright", yaani "all right"; k.y. kwa "know yuse", yaani "no use", haina faida; na k.g. kwa "know go", yaani "no go", haiwezekani. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kuandika "xaxa" badala ya "sasa" na "m2 wangu" badala ya "mtu wangu" hahitaji kuelezwa mchezo huu. Tahajia aliijua vizuri. Alikuwa anaichezea tu.

Aliyeyafukua haya ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1941 alitoa sehemu ya kwanza ya uchunguzi wake, iliyohusu uchaguzi wa 1840. Kisha mwaka 1963 na 1964 akachapisha mfululizo wa makala katika jarida la American Speech, akilifuata neno gazeti kwa gazeti: Boston mwezi Machi 1839, kisha New York na Philadelphia kabla mwaka haujaisha. Hakuishia kwenye neno lenyewe, kwa sababu alionyesha pia mtindo mzima uliolizaa, na ndugu zake waliokufa mapema. Wanaodai asili nyingine inawapasa wauvuke ukuta huo.

Dai la kwanza: Ni hesabu ya askari waliouawa

Dai hili ndilo maarufu kuliko yote na ndilo jepesi kuliko yote. Wanaolisimulia kwa kawaida hulipeleka kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865. Wengine hulisogeza hadi Vita vya Pili vya Dunia. Kufikia mwaka 1861 neno lilikuwa na umri wa miaka 22, likitumika magazetini, katika siasa na katika biashara. Hakuna haja ya kuendelea, lakini tuendelee kidogo.

Katika gazeti la 1839 zile ni herufi ndogo mbili, kila moja na nukta yake. Hakuna sifuri. Hata kijeshi hadithi haikai sawa. Taarifa za vikosi ziliorodhesha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, kwa kuwa kamanda anayepanga pambano la kesho anataka kujua ana watu wangapi wanaoweza kusimama. Ubao unaosema hakuna aliyekufa, huku hospitali ya kambi imejaa waliokatwa miguu, haumsaidii.

Dai hili lina mdogo wake: eti OK ni herufi zilizogongwa kwenye biskuti ngumu za askari wa vita hivyo hivyo, kwa jina la mtengenezaji Orrin Kendall. Biskuti zilikuwepo na askari walizitafuna. Lakini zilikuja neno likiwa limeshakua, kwa hiyo zinaangukia shimo lile lile la tarehe.

Dai la pili: Ni lugha ya telegrafu na reli

Hapa hadithi ni mbili. Ya kwanza inasema OK ni ufupisho wa "open key", maneno ya waendesha telegrafu wakimaanisha laini iko wazi. Ya pili inamtaja karani mmoja wa reli, Obadiah Kelly, aliyekuwa akitia sahihi ya herufi za jina lake kwenye kila mzigo aliokwisha kuukagua.

Kelly amebaki jina tu: stesheni yake haitajwi wala hati aliyoitia sahihi haionyeshwi. Telegrafu ina historia iliyo wazi zaidi, na historia hiyo inalikana dai. Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington kwenda Baltimore tarehe 24 Mei 1844, miaka mitano baada ya Greene kuandika aya yake. Mtambo haungeweza kulizaa neno lililoutangulia.

Lakini telegrafu ina haki yake katika kisa hiki. Waendesha mitambo walihitaji ishara fupi ya kusema "nimepokea, endelea", na OK ikawafaa. Neno lililokuwa kichekesho likapata kazi ya kila siku, likasafiri kando ya reli hadi miji ambayo haikuwahi kusoma gazeti la Boston. Kukuza si kuzaa, na wengi wanaodai kuwazaa watoto wa wenzao huchanganya hayo mawili.

Dai la tatu: Rais Jackson hakujua kuandika

Inasimuliwa kuwa Andrew Jackson, Rais wa Marekani kuanzia 1829 hadi 1837, alikuwa mbumbumbu wa tahajia. Akiridhika na hati, aliandika O.K. akidhani ndivyo "all correct" inavyofupishwa.

Dai hili lina mvuto kwa sababu linakaribia ukweli: maana ni ile ile na kosa la tahajia ni lile lile. Kasoro yake ni chimbuko. Lilitolewa mwaka 1840 na James Gordon Bennett, mhariri wa Herald la New York, katikati ya kampeni kali za urais. Jackson alikuwa ameshastaafu, lakini mgombea wa chama chake, Martin Van Buren, alikuwa makamu wake wa zamani. Kumchora mzee kama mshamba asiyejua herufi kulikuwa njia ya kumchafua mrithi wake. Hiki kilikuwa kijembe cha uchaguzi kilichovaa nguo za historia, na katika nyaraka nyingi za Jackson zilizohifadhiwa hakuna O.K. ya kukiunga mkono.

Miaka ishirini hivi baadaye ilionekana kana kwamba ushahidi umepatikana. Mwanahistoria mmoja wa Tennessee alichapisha kumbukumbu ya mahakama ya Wilaya ya Sumner ya Oktoba 1790, inayosema kuwa Jackson, wakati huo mwanasheria kijana, alithibitisha hati ya mauzo ya mwanamume mtumwa, na hati hiyo ikawa "O.K." Kama ni kweli, neno lingerudi nyuma miaka 49. Lakini maandishi ya karani yalipotazamwa upya, ile K ilikuwa R. "O.R." ilikuwa alama ya kawaida ya makarani wa mahakama: "order recorded", amri imeandikishwa. Mkia wa herufi moja ulitosha kulizeesha neno kwa nusu karne, na hati iliyofungia maisha ya mtu ikageuka kituko cha wapenda vijineno.

Dai la nne: Ni kifupi cha Old Kinderhook

Hili ndilo linalopatikana katika vitabu vingi vya zamani, na lina nusu ya ukweli. Van Buren alizaliwa Kinderhook, kijiji cha jimbo la New York kilichoanzishwa na Waholanzi. Alipogombea kipindi cha pili mwaka 1840, wafuasi wake walimpa jina la Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, na herufi za mwanzo zikaangukia pazuri: O.K. Vijana wa chama cha Democrat mjini New York wakaunda O.K. Club. Mwezi Machi mwaka huo wanachama wake waliuvamia mkutano wa wapinzani wao, chama cha Whig, wakipiga kelele za "O.K.!" huku ngumi zikirushwa.

Read mwenyewe, katika makala yake ya 1941, alikuwa amefikia hapa. Gazeti la 1839 likalibadili jibu: herufi zilikuwa mdomoni mwa watu mwaka mzima kabla ya klabu hiyo kuanzishwa. Wafuasi wa Van Buren hawakubuni O.K.; waliikuta mtaani, wakaona inalingana na jina la mgombea wao, wakaibeba. Utamu wa kauli mbiu ulikuwa katika kubeba maana mbili kwa pamoja: Mzee wa Kinderhook, na mambo yote yako sawa.

Wapinzani hawakukaa kimya. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka tangu 1837, na Whig wakaona herufi hizo hizo zinaweza kumgeukia mwenyewe. O.K., walisema, ni "out of kash", mfuko mtupu. Ni "orful kalamity", balaa kubwa. Kila gazeti likaleta tafsiri yake, na kila tafsiri ikawafanya watu wengine wengi walijue neno. Mwishoni mwa mwaka Van Buren alishindwa vibaya na William Henry Harrison, kwa kura 234 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 60.

Mgombea akaanguka, neno likabaki. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini o.w. na k.y. zimekufa na OK inaishi. Ndugu zake walibaki kurasa za utani wa Boston. Yeye alipata bahati ya kutupwa ndani ya uchaguzi wa nchi nzima, akitukanwa na kusifiwa kila siku kwa miezi. Kwa hiyo anayesema Old Kinderhook hajasema uongo mtupu. Amemtaja aliyelilea neno, akamwita mzazi.

Dai la tano: Ni la Kigiriki, la Kiskoti, la Kifini, la Kifaransa

Wagiriki husema "ola kala", kila kitu ni kizuri. Waskoti husema "och aye", naam. Wafini wana "oikea", sahihi. Wafaransa hutajiwa Aux Cayes, bandari ya Haiti iliyosifika kwa ramu. Wajerumani nao wana vyeo vya kijeshi vinavyoanza na O na K.

Madai haya yanaweza kujibiwa kwa pamoja kwa sababu yote yamejengwa juu ya msingi mmoja: sauti inafanana na maana inakaribiana. Lakini yote hayawezi kuwa kweli. Likisimama moja, mengine yote ni mfanano wa bahati. Na kama mfanano wa bahati unaweza kutokea katika lugha nne, kwa nini usitokee katika tano? Duniani kuna lugha kama elfu saba, na neno OK lina silabi mbili fupi zenye sauti zinazopatikana karibu kila mahali. La ajabu lingekuwa kutokuta mfanano.

Wanaisimu wana mfano wanaoupenda. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland, Australia, mbwa huitwa "dog". Mtaalamu R. M. W. Dixon alipolisikia alidhani ni neno la Kiingereza lililoazimwa, kumbe ni la asili, na linaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua katika lugha jirani. Sauti moja, maana moja, udugu hakuna.

Kwa Kigiriki kuna pia tatizo la njia. Wagiriki walianza kuhamia Marekani kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Boston ya 1839 haikuwa na jamii ya Wagiriki ya kuupa mji mzima neno la mitaani.

Dai la sita: Ni la Wachoctaw

Hili linastahili heshima zaidi, kwa sababu lugha hii ilikuwepo Marekani kabla ya Mzungu kufika, na kwa sababu liliwahi kuwa na mtetezi Ikulu. Kichoctaw kina neno "okeh", lenye maana ya "ndivyo ilivyo", ambalo hukaa mwishoni mwa kauli kuipa uzito. Mwaka 1885 W. S. Wyman aliitetea asili hii katika jarida la historia, na ikaenea. Woodrow Wilson, aliyekuwa Rais kuanzia 1913 hadi 1921, aliiamini kiasi cha kuandika "okeh" kwenye hati alizoziidhinisha. Kampuni ya santuri ya Okeh, iliyoanzishwa mwaka 1918 na Otto K. E. Heinemann, iliua hapo ndege wawili kwa jiwe moja: tahajia ya Rais, na herufi za mwanzo za jina la mwenye kampuni.

Neno la Kichoctaw lipo, halibishaniwi. Kinachokosekana ni daraja. Nchi ya Wachoctaw ilikuwa Mississippi na majimbo jirani ya kusini, hadi serikali ilipowafukuza kuanzia 1831 na kuwapeleka magharibi katika safari iliyoua maelfu. Kama wazungu wa mpakani walilichukua neno lao, lingejitokeza kwanza kwenye barua, shajara na magazeti ya kusini, likiwa limeandikwa jinsi linavyosikika. Badala yake linajitokeza kaskazini, Boston, likiwa herufi mbili zenye nukta, katikati ya herufi nyingine za mtindo huo huo, na maana yake imeandikwa pembeni. Nadharia yenyewe ilipata nguvu zaidi ya miaka arobaini baadaye, na aliyeipa umaarufu mkubwa alikuwa Rais, si hati.

Wengine huongeza kwamba jimbo la Oklahoma hufupishwa OK. Jina Oklahoma kweli limetokana na Kichoctaw: "okla", watu, na "humma", wekundu. Lakini ufupisho wake hautokani na "okeh". Ni herufi mbili za mwanzo tu, kama ilivyo kwa majimbo mengine kadhaa.

Dai la saba: Ni la Waafrika, wakaporwa

Hili ndilo linalotugusa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika katika Chuo Kikuu cha London, alieleza kuwa OK huenda ikatokana na lugha za Afrika Magharibi. Katika Kiwolofu cha Senegal na Gambia, "waaw" ni ndiyo, na "kay" huongezwa kukazia: "waaw kay", ndiyo kabisa. Waafrika wa Senegambia walikuwa miongoni mwa waliouzwa Amerika. Njia, basi, ipo, na ni njia ya kweli.

Wala si kichekesho kudhani kwamba maneno ya Afrika yaliingia Kiingereza cha Marekani. Yaliingia. Mwanaisimu Mmarekani Mweusi, Lorenzo Dow Turner, alitumia miaka kuwasikiliza Wagullah wa pwani ya South Carolina na Georgia, na kitabu chake cha 1949 kiliwazima waliokuwa wakisema kwamba utumwa ulifuta kila kitu. Mmarekani wa kusini anayeita karanga "goober" anatumia "nguba" ya Kikongo. Anayepika "gumbo" ametaja bamia kwa jina la Kibantu. Maneno haya hatuyatambui kwa mfanano wa sauti tu: tunajua watu waliokuja nayo, vitu vilivyotajwa, na mahali yalipoandikwa kwa mara ya kwanza.

Kwa OK hatua hiyo ya mwisho ndiyo isiyofikiwa. Ushahidi unaoletwa ni maneno machache ya watumwa yaliyonukuliwa na wazungu, kama "kay" iliyomo katika kitabu cha msafiri Mwingereza J. F. D. Smyth cha mwaka 1784. Lakini hapo "kay" imekaa mwanzoni mwa kauli kama mwitiko wa mshangao, mfano wa "ala!" au "loo!" yetu. Haimaanishi kwamba jambo ni sahihi au limekubaliwa. Kutoka hapo hadi kwa Greene kuna pengo la miaka 55 bila hatua moja ya katikati: hakuna tangazo, barua, wimbo wala kesi ya mahakama ambamo mtu yeyote, mweusi au mweupe, anatumia neno hili kwa maana ya "sawa".

Wapo watakaosema kuwa ukimya wa nyaraka hauthibitishi kitu, kwa sababu watumwa walinyimwa kusoma na kuandika. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana dai hili halipaswi kuwekwa kapu moja na biskuti za askari. Lakini ukimya hauwezi pia kugeuzwa kuwa ushahidi. Goober na gumbo zimevuka ukimya huo huo na kufika kwenye maandishi. Anayeitakia mema historia ya Mwafrika ng'ambo atafanya vyema kuyashika yale yasiyopingika, kuliko kuiegemeza hadhi yetu kwenye neno ambalo hati ya kwanza itakayoletwa mezani italinyakua.

Dai la nane: Asili iwe yoyote, maana ni moja tu, "ndiyo"

Wengi hufunga mjadala hivi, wakidhani wamepata mahali salama. Hapajasalimika. Greene alimaanisha "sahihi", si "ndiyo". Chakula kikiwa OK kwa Mmarekani wa leo, mpishi asifurahi mno: kimelika, basi. Daktari akisema mgonjwa yuko OK, amesema hana hatari, hakusema ana afya tele. Meneja aki-OK malipo, ameidhinisha. Mwalimu akiingia darasani na kusema OK, hajakubaliana na mtu yeyote. Anataka kimya kazi ianze.

Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipogusa Mwezi, Buzz Aldrin alisema OK, kisha akatangaza kuwa injini imezimwa. Hakuna aliyemwomba ruhusa wala kumwuliza swali. Alikuwa akipigia mstari hatua iliyokwisha na kufungua inayofuata, katika orodha ya kazi ambayo kosa moja lingewaua. Miaka minane kabla yake, msemaji wa NASA John Powers alikuwa amewapa waandishi wa habari "A-OK" kuelezea safari ya Alan Shepard ya Mei 1961, na hapo maana ilikuwa nyingine tena: safi kabisa, bila dosari.

Sikiliza pia Mswahili anavyokata simu: "Haya... okei... sawa basi... poa." Hayo si maneno manne ya kukubali. "Haya" inayafunga mazungumzo, "okei" inahakikisha hakuna lililosahaulika, "sawa basi" inathibitisha walichopatana, na "poa" ni kwaheri. Wasemaji wa Kiswahili walipolipokea neno hawakulipa kiti cha "ndiyo", maana kiti hicho kilikuwa na mwenyewe. Walilitafutia nafasi iliyokuwa wazi kati ya "haya" na "sawa".

Wingi huu wa maana umetokana na asili yenyewe. Neno lililozaliwa kuwa jina la kitu hubaki na kitu chake. OK haikuzaliwa na kitu. Ilikuwa herufi mbili zilizotengwa na maneno yake kwa makusudi, na baada ya uchaguzi wa 1840 wengi wa walioitumia hawakukumbuka tena "oll korrect". Chombo kisicho na lebo humiminwa chochote.

Kwa nini madai hayafi

Sababu mojawapo ni kwamba uzushi huu ni mkongwe karibu sawa na neno. Bennett alimsingizia Jackson mwaka ule ule klabu ya Van Buren ilipokuwa ikirusha ngumi, kwa hiyo mtafiti wa baadaye alikuta uongo wenye vumbi halisi la karne ya 19 na akauheshimu kwa vumbi lake. Sababu nyingine ni fahari. Kila taifa lingependa neno linalotamkwa kila kona ya dunia litoke kwake, na hata asiyedai umiliki angependa liwe na asili yenye uzito: vita, ukombozi, lugha ya kale. Mzaha wa mhariri kuhusu kikundi cha wapinga kengele unaonekana mdogo mno kwa neno lililofika mwezini.

Lakini maneno hayachaguliwi kwa uzito wa wazazi wao. Yanabaki yakipata kazi, na OK ilipata tatu mfululizo: uchaguzi, telegrafu, mazungumzo ya kila siku. Mwenye asili nyingine mkononi anajua anachodaiwa. Alete karatasi ya kabla ya tarehe 23 Machi 1839, yenye neno hili kwa maana hii, inayosomeka bila kugeuza R kuwa K. Akiileta, kesi inafunguliwa upya siku hiyo hiyo na Boston inakaa pembeni. Asipoileta, hukumu ya Read inabaki ilivyo.